Maswali ya Wasomaji: Monstera, Mwanga na Maji

Barua zilizoifikia safu hii tangu toleo lililopita zimeuzungumzia zaidi mmea mmoja, monstera, ule wenye majani mapana yaliyochanika pembeni na kutoboka katikati, ambao umekuwa pambo la sebule na ofisi nyingi. Tumeamua kuzijibu pamoja, kwa kuwa malalamiko mengi, ingawa yanatofautiana kwa sura, yana chanzo kimoja: mwanga hautoshi, na maji yanamwagwa kana kwamba unatosha. Mengi yatakayosemwa hapa yanaihusu pia filodendroni na mimea mingine ya misituni inayoparamia miti, lakini hayaihusu kaktasi wala mimea mingine ya jangwani.

Swali: Ndugu Mshauri, nina monstera niliyoiweka kwenye pembe ya sebule, mbali kidogo na dirisha, kwa sababu hapo ndipo inapopendeza. Aliyeniuzia aliniagiza niimwagilie mara moja kwa wiki, nami nimeufuata ushauri huo bila kukosa. Sasa majani ya chini yanageuka manjano moja baada ya jingine, na udongo umeanza kutoa harufu mbaya. Je, nizidishe maji au niongeze mbolea? (Msomaji mwenye wasiwasi)

Jibu: Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Harufu uliyoitaja ni dalili nzito kuliko rangi ya majani, kwa sababu yaelekea mizizi imeanza kuoza. Mizizi huhitaji hewa kama inavyohitaji maji, na hewa hiyo huipata katika nafasi ndogondogo zilizo baina ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji na kubaki hivyo kwa siku nyingi, oksijeni haiifikii mizizi ya kutosha, kwani ndani ya maji husambaa polepole takriban mara 10,000 kuliko inavyosambaa hewani. Mizizi iliyokosa hewa hufa, vimelea vya udongoni huishambulia, na mmea hunyauka kwa kiu ilhali umesimama kwenye tope. Hapo ndipo wengi huimaliza mimea yao: wanaona jani limelegea, wanadhani maji yamepungua, wanaongeza.

Ubaya wa ratiba ya mara moja kwa wiki ni kwamba aliyeitoa hakujua mmea utawekwa wapi. Jani hufungua vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho ili liingize hewa ya ukaa, na kupitia vitundu hivyohivyo maji hutoka yakiwa mvuke. Kwa kiasi kikubwa, kazi hiyo huendeshwa na mwanga. Kwa hiyo monstera iliyo karibu na dirisha angavu huweza kukausha chungu chake kwa siku chache, ilhali nyingine ya ukubwa uleule, iliyo pembeni mwa chumba hichohicho, itakaa wiki tatu na udongo wa chini ungali na unyevu. Joto la chumba nalo lina mchango wake, na chungu pia, maana cha udongo wa mfinyanzi hupitisha unyevu kwenye kuta zake na cha plastiki hakipitishi.

Katika kupima mwanga, macho yetu ni mashahidi wabovu, kwa kuwa mboni hujipanua tuingiapo ndani na kutufanya tuamini kwamba chumba kina nuru tele. Nje, jua la adhuhuri likiwa halina wingu, mwanga hufikia takriban luksi 100,000 (luksi ni kizio cha kupimia mwanga). Ndani ya chumba, hatua chache tu kutoka dirishani, mara nyingi hubaki mamia machache, na bado tunasoma gazeti bila taabu. Kwa asiye na kipimo, jaribio la kivuli linatosha. Saa sita mchana, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuuweka mmea, kisha nyoosha mkono juu yake kiasi cha sentimita 30. Kivuli chenye kingo kali kinaonyesha kuwa jua linapiga moja kwa moja na huenda likababua majani, hivyo pazia jepesi litahitajika. Kivuli kinachotambulika lakini kingo zake zimefifia ndicho monstera inachokitaka. Usipoona kivuli chochote, mahali hapo panafaa maua ya plastiki.

Sasa tuurudie mmea wako. Utoe kwenye chungu, ukung'ute udongo, uitazame mizizi. Iliyo hai ni migumu kiasi na ina rangi nyeupe au ya maziwa, wakati ile iliyooza ni ya kahawia na laini, na ukiivuta ganda lake huchomoka likaacha uzi mwembamba. Kata yote iliyooza kwa kisu safi, uupande upya katika udongo mpya unaopitisha maji, kwenye chungu kinachoienea mizizi iliyobaki hata kama ni kidogo kuliko cha awali, kisha uusogeze karibu na dirisha. Tangu hapo kidole chako ndicho kiwe ratiba: kichomeke udongoni hadi sentimita 5, na ukikuta unyevu, subiri. Ukikuta pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha uyamwage yaliyokusanyika kwenye sahani. Mbolea usiiguse hadi jani jipya lichomoze, kwa kuwa chumvi zake huiunguza mizizi iliyojeruhiwa.

Niongeze jambo moja kwa wasomaji wengine wasije wakaingiwa na hofu bure: jani moja la chini kabisa kugeuka manjano mara mojamoja, huku udongo hauna harufu na juu kunaota majani mapya, ni uzee tu.

Swali: Monstera yangu ina majani mengi na yenye afya, lakini yote ni mazima, yana umbo la moyo, na hayana tundu hata moja. Rafiki yangu amenishauri niyachane kwa mkasi kando ya mishipa ili mmea uzoee. Kuna ukweli wowote katika hilo? (Msomaji mwenye mkasi mkononi)

Jibu: Weka mkasi chini, tafadhali. Jani lililokwisha kukunjuka halitoboki tena, na jani lililokatwa kwa mkono halifundishi jani lijalo chochote zaidi ya kulipunguzia chakula. Matundu ya monstera hutengenezwa jani likiwa changa mno, lingali limefichika ndani ya chipukizi: vikundi vya seli katika sehemu maalumu hufa kwa mpangilio, vikaacha vishimo vidogo kama ncha ya sindano, navyo hutanuka kadiri jani linavyokua. Vikifika ukingoni, ukingo hukatika, nasi tunaona mpasuko. Kwa hiyo swali linalokufaa ni kwa nini mmea haujaamua kutengeneza majani ya aina hiyo.

Sababu ya kwanza ni umri. Monstera changa huzaa majani mazima, na hili ni la kawaida kabisa. Sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo huwakuta watu wengi, ni kwamba tumeuweka chini mmea ambao maumbile yake ni kupanda juu. Monstera deliciosa, ambayo wanasayansi waliipa jina hilo mwaka 1849, asili yake ni misitu yenye unyevu ya kusini mwa Meksiko na Gwatemala, na huko mche huanza maisha sakafuni, mahali panapofikiwa na asilimia moja au mbili tu ya mwanga unaoangaza vilele vya miti. Mwaka 1975 watafiti waliochunguza monstera nyingine ya Amerika ya Kati, ya jenasi hiyohiyo, walieleza tabia ya ajabu: mche ulioota haukuelekea penye nuru kama tunavyotarajia, bali ulitambaa kuelekea upande wenye giza zaidi, kwa sababu giza hilo kwa kawaida ni kivuli cha shina la mti mkubwa. Ukishaligusa shina, tabia hugeuka na mmea huanza kupanda kuufuata mwanga. Ni katika safari hiyo ya juu ambapo majani hupanuka, huchanika na kutoboka.

Kwa nini yatoboke ni jambo ambalo bado linajadiliwa. Maelezo yanayonivutia zaidi yalichapishwa mwaka 2013: katika msitu mzito, mwanga hushuka kama vipande vidogo vya jua vinavyohamahama, na jani lenye matundu huweza kutandaa juu ya eneo kubwa zaidi kwa kiasi kilekile cha nyama ya jani, hivyo likawa na uhakika zaidi wa kuguswa na angalau kipande kimoja kila siku. Wapo wanaoamini kwamba matundu hupunguza nguvu ya upepo au hupitisha maji ya mvua yafike kwenye mizizi. Kwa mfugaji wa mmea nyumbani, tofauti hiyo ya maoni haibadilishi kitu.

Kinachobadilisha ni kuupa mmea kitu cha kupanda na mwanga wa kuupandisha. Simamisha katikati ya chungu nguzo madhubuti, ikiwezekana iliyozungushiwa nyuzi za makumbi ya nazi zinazoshika unyevu, ulifunge shina juu yake kwa kamba laini, ukihakikisha kwamba unafunga shina lenyewe na si vikonyo vya majani, ambavyo havina budi kuwa huru kugeuka. Upande wa shina unaotoa mizizi ya hewani ndio uelekee nguzo. Mizizi hiyo huwakera watu wengi kwa sura yake, lakini kazi yake ni kushika na kunyonya. Iachie iingie kwenye nguzo au ielekeze ishuke udongoni. Baada ya hapo kila jani jipya litakuwa kubwa kidogo kuliko lililotangulia, na mipasuko itakuja kwa wakati wake.

Swali: Asubuhi nakuta matone ya maji kwenye ncha za majani ya monstera, na mara nyingine sakafu imelowa. Je, ni ugonjwa? (Msomaji wa toleo la kila mwezi)

Jibu: Hapana. Usiku vitundu vya majani hufunga, lakini mizizi huendelea kuvuta maji, na shinikizo linalozidi huyasukuma nje kupitia matundu maalumu yaliyo kwenye kingo na ncha. Yakitokea kila siku, huenda unamwagilia maji mengi kidogo kuliko mmea unavyohitaji. Pangusa sakafu ili mtu asije akateleza.

Swali: Kila ninapopanda mmea kwenye chungu, huweka kwanza tabaka la kokoto chini ili maji yapite vizuri, kama nilivyofundishwa na wazazi. Hivi karibuni nimesikia kwamba ni kosa. Nimwamini nani? (Mpenda bustani wa miaka mingi)

Jibu: Mzee wangu, kwa heshima zote kwa waliokufundisha, kokoto hazisaidii, na mara nyingi hudhuru. Maji yaliyo katika udongo wenye chembe ndogo hayashuki kwa urahisi kuingia kwenye tabaka lenye nafasi kubwa. Hunata katika udongo mpaka uloe kabisa, ndipo yaanze kudondoka. Kila chungu huwa na ukanda wa chini unaobaki umeloa baada ya kumwagilia, na kokoto hazifanyi zaidi ya kuuinua ukanda huo juu, karibu na mizizi, huku zikikupunguzia nafasi ya udongo.

Suluhisho lipo katika udongo wenyewe na katika matundu ya chungu. Udongo wa bustani peke yake ni mzito mno kwa mizizi ya monstera. Mchanganyiko ninaoupendekeza ni sehemu mbili za nyuzi za makumbi au mboji iliyooza vizuri, sehemu moja ya vipande vya magome ya miti, na sehemu moja ya perlaiti au mawe mepesi yaliyopondwa. Vipimo hivyo si amri, kinachotakiwa ni udongo ambao ukiukamata ukiwa umeloa na kuuachia, unamomonyoka badala ya kubaki donge. Chungu kisicho na tundu kitumike kama vazi la nje tu. Na unapokibadilisha, kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 za kipenyo, si zaidi, kwa kuwa udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji ambayo hakuna wa kuyanywa.

Swali: Ncha za majani zimekuwa za kahawia na kukauka, ingawa nayanyunyizia maji kila siku na kuyapaka mafuta yang'ae. (Msomaji anayependa usafi)

Jibu: Acha mafuta kabisa, kwa kuwa huziba vitundu vya majani na kunasa vumbi, kitambaa laini kilicholoweshwa kwa maji, pamoja na kiganja chako kilichokinga jani kwa chini, kinatosha. Kunyunyiza nako hakufai kama wengi wanavyodhani, maana unyevu wake hutoweka ndani ya muda mfupi. Ikiwa hewa ya chumba ni kavu, ama kwa sababu ya kiyoyozi au ya kipasha joto, usogeze mmea mbali na mkondo wa hewa hiyo na uikusanye mimea kadhaa pamoja. Hata hivyo ncha za kahawia mara nyingi hutokana na chumvi za mbolea zilizolundikana udongoni. Zioshe kwa kupitisha maji mengi kwenye chungu mpaka yatoke chini kwa muda, kisha upunguze mbolea hadi nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio.

Swali: Majani yameota mabaka yenye rangi ya fedha, na juu yake kuna vidoa vidogo vyeusi. Nimeyasugua kwa sabuni mara moja, mabaka yamebaki. (Msomaji aliyekata tamaa)

Jibu: Mabaka ni makovu, nayo hayataondoka, kinachokuhusu ni walioyasababisha. Maelezo yako yanaelekeza kwa thripsi, wadudu wembamba wenye urefu wa milimita moja hadi mbili, ambao hutoboa seli za jani na kuzinyonya, zikabaki na hewa ndani, ndiyo maana sehemu hiyo humeta. Vidoa vyeusi ni kinyesi chao. Kuosha mara moja hakuwezi kuwamaliza, kwa sababu mayai yamefichwa ndani ya jani lenyewe na hatua moja ya ukuaji wao kwa kawaida hupitia udongoni, mahali ambapo sabuni haifiki.

Utenge mmea, ukate majani yaliyoharibika sana, uoshe yaliyobaki juu na chini kwa maji yenye mkondo, kisha unyunyize sabuni ya kuulia wadudu wa mimea, na urudie kila baada ya siku tano hadi saba kwa muda usiopungua mwezi mmoja. Wengi hushindwa kwa sababu wanaacha pale wasipoona mdudu tena. Kama badala ya mabaka ya fedha ungeona vidoa vya manjano na utando mwembamba baina ya kikonyo na jani, ningesema ni utitiri, ambao hupenda hewa kavu na joto, na tiba yake ni ileile.

Swali: Rafiki alinipa jani moja la monstera yenye mabaka meupe. Nimeliweka kwenye glasi ya maji, limetoa mizizi mizuri, lakini miezi inapita na halioti jani jingine. (Msomaji mvumilivu)

Jibu: Uvumilivu wako unastahili mmea kamili, lakini jani hilo halitakupa. Chipukizi jipya hutoka kwenye kifundo cha shina, pale kikonyo kinapoungana nalo, ambapo kuna jicho lililolala. Jani na kikonyo bila kipande cha shina huweza kuota mizizi na kuishi muda mrefu, lakini hakuna jicho, na bila jicho hakuna shina. Muombe rafiki yako kipande kilicho na angalau kifundo kimoja na, ikiwezekana, mzizi wa hewani; kifundo kizame majini, jani libaki juu, maji yabadilishwe kila wiki.

Kwa aina yenye mabaka meupe, tazama pia shina lenyewe kabla ya kukata. Weupe huo ni wa seli zisizoweza kutengeneza umbijani, yaani ile rangi ya kijani inayouwezesha mmea kujitengenezea chakula, zinazoishi sambamba na seli za kijani katika mmea mmoja, na jicho lililo kwenye ukanda wa kijani mtupu litatoa majani ya kijani mtupu. Lililo kwenye ukanda mweupe mtupu ni baya zaidi, kwa kuwa chipukizi lake halitaweza kujilisha. Chagua kifundo chenye michirizi ya rangi zote mbili.

Swali: Nina mtoto anayetambaa na paka mmoja, na nimeambiwa kwamba monstera ni sumu. Lakini nimesoma pia kwamba husafisha hewa ya nyumba. Niitunze au niitoe? (Mama mlezi)

Jibu: Mama, jambo la hewa lisikushughulishe. Dhana hiyo ilikuzwa na majaribio ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, yaliyotangazwa mwaka 1989, ambapo mimea iliwekwa ndani ya masanduku madogo yaliyofungwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ili kufikia usafishaji unaofanywa na mzunguko wa kawaida wa hewa katika jengo, ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Kufungua dirisha kunafaa zaidi.

Kuhusu sumu, uliyoambiwa ni kweli, ingawa mara chache huleta hatari ya kifo. Majani na shina vina fuwele za kalisi oksaleti zenye umbo la sindano, ambazo hujichoma mdomoni na kooni mwa anayetafuna, zikaleta maumivu makali, udenda na uvimbe. Uchungu huo kwa kawaida humfanya mtoto au paka ateme mapema. Ikitokea, futa na kusuuza kinywa, mpe maji baridi anywe kidogokidogo, usimlazimishe kutapika, na umwone daktari, au daktari wa mifugo kwa paka, bila kuchelewa ikiwa kuna uvimbe au ugumu wa kupumua. Mpaka mtoto apite umri wa kutia kila kitu mdomoni, uweke mmea mahali asipofika, ukikumbuka kwamba paka hufika karibu kila mahali. Kama paka wako ni mtafunaji wa majani, ni afadhali uugawe. Wewe mwenyewe vaa glavu unapokata shina, kwa kuwa utomvu wake huwasha ngozi, na vipande vilivyokatwa uviondoe sakafuni mara moja.